Fueli ya nyuklia haijaletwa, basi moto wa nini?

*“Habari mtaalamu. Nimekuwa msimamizi wa usalama kwenye ujenzi wa maghorofa kwa muda mrefu. Sasa kampuni yetu imepata kandarasi ndogo kwenye kituo cha umeme wa nyuklia kinachojengwa: tunafunga mabomba na vishikio vyake katika jengo la kinu na jengo la mitambo saidizi. Karibu kazi yetu yote ni kuchomelea na kukata chuma. Foromani wetu anasema hapa hakuna cha kuogopa zaidi kuliko kwenye ghorofa lolote, kwa kuwa fueli haijaletwa na jengo lenyewe ni zege na chuma tupu. Mlinzi wa moto anaondolewa mara tu mchomeleaji anapozima mashine, akasaidie kwingine. Vinyunyizi vya maji havijafungwa, tunaambiwa vitakuja mwishoni. Tumepewa mitungi ya kabonidayoksaidi na ya unga tu, na tumekatazwa kabisa kugusa maji kwenye vyumba vya kebo. Roho yangu haijatulia, ila sina hoja za kumjibu. Je, nahangaika bure? Na kama si bure, nishikilie lipi?”*

Huhangaiki bure. Foromani wako hasemi uongo, ila ameshika nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayowafanya watu walegee. Umeniuliza kama moto kwenye kituo ambacho hakijaanza kazi ni moto wa kawaida tu. Kwa upande wa mionzi, ndiyo, ni wa kawaida. Kwa upande wa namna unavyoanza, unavyosambaa na unachoacha nyuma, sivyo hata kidogo.

Nianze na hilo la fueli, maana ndilo hoja yake kubwa. Kinu ambacho hakijawahi kuwashwa hakina mabaki ya mpasuko wa urani, na hayo mabaki ndiyo chanzo cha mionzi mikali tunayoiogopa. Hata fueli mpya ikiletwa, mionzi yake ni hafifu. Mafundi huikagua wakiwa wamevaa glavu. Kwa hiyo usimwambie foromani kwamba moto wa leo utasambaza mionzi. Atakucheka, na atakuwa na haki.

Ila mwulize swali moja: fueli italetwa lini? Aghalabu huletwa wakati ujenzi bado haujaisha, huku watu wakipaka rangi, wakivuta kebo na kurekebisha vishikio vya mabomba. Siku inapoingia ghalani, kanuni za kuzima moto hubadilika katika sehemu hiyo. Maji hupunguza kasi ya nyutroni, yaani chembe ndogo zinazoipasua urani, na nyutroni zilizopungua kasi ndizo zinazopasua urani kwa urahisi. Ghala la fueli mpya huwa kavu, lakini wasanifu hulikokotoa kwa hali mbili za dharura: likiwa limefurika maji, na likiwa limejaa ukungu au povu jepesi. Hali ya pili inaweza kuwa mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu maji mengi huyatenga mafungu ya fueli, ilhali ukungu huacha nyutroni zipite kutoka fungu hadi fungu. Hesabu hizo hufanywa ili ghala libaki salama, lakini mtu wa zimamoto anayekuja mbio na povu lake anapaswa kuwa ameelezwa mapema kinachoruhusiwa ghalani humo na kisichoruhusiwa. Hilo si jambo la kulijulia mlangoni.

Sasa hilo la zege na chuma tupu. Zunguka kesho na daftari, uandike kila kinachoweza kushika moto: mbao za fomu, mbao za jukwaa, turubai, nailoni iliyofungiwa pampu na vali, masanduku ya mbao yaliyoletea vifaa, marobota ya kebo, sponji ya kuzibia matundu, madebe ya rangi na thina, mafuta ya haidroli, matambara yenye grisi, mitungi ya asetilini. Jengo likishakamilika, karibu vyote hivyo vitakuwa vimetoka. Wakati wa ujenzi ndipo jengo linapokuwa na kuni nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa uhai wake, na ndipo linapokuwa na kinga chache kuliko wakati mwingine wowote. Hiyo ndiyo hoja yako kuu. Ukimweleza foromani hilo moja akalielewa, mengine yatafuata.

Zege nalo lina udhaifu wake. Likiwa bichi lina maji mengi ndani. Likipata joto la ghafla, maji hugeuka mvuke, hukosa njia, na vipande vya uso wa zege hubanduka kwa kishindo, wakati mwingine hadi nondo zikaonekana. Chuma hakiungui, lakini kikifika nyuzi joto 550 hivi za Selsiasi kinabaki na takriban nusu ya nguvu yake. Nguzo na mihimili ambayo bado haijapakwa kinga ya moto hufika huko upesi kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu kinga, michoro inaweza kukudanganya. Katika vituo vya nyuklia, sehemu zenye mitambo pacha ya usalama hutenganishwa kwa kuta zinazotakiwa kustahimili moto kwa muda maalumu, mara nyingi saa 3. Kwenye karatasi ukuta huo upo. Ukienda kuutazama leo una matundu ya mabomba na kebo yasiyozibwa, mlango wake umeegemezwa ukutani haujapachikwa, na mfereji wa hewa unapita wazi bila kifunga-moto, yaani kilango cha kuzuia moto usipite mferejini. Ngazi ambazo zingekuwa njia salama ya kutokea hazijafungwa, kwa hiyo zinafanya kazi ya dohani: moshi wa chini unapanda juu kabla watu wa juu hawajasikia king'ora. Ukuta wenye tundu moja hauhesabiwi nusu ukuta. Kwa moto, haupo.

Kuna kitu kingine ambacho kwenye maghorofa hukukizoea, na hapa ndipo neno “nyuklia” linapopata uzito hata kabla ya fueli. Kebo nyingi na vitu vingi vya muda vimetengenezwa kwa plastiki ya PVC, ambayo ikiwa tupu zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini. Ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikikutana na unyevu hugeuka asidi, nayo hutua pamoja na masizi juu ya kila kitu moshi ulikofika, pengine vyumba vitatu mbali na moto wenyewe. Sasa kumbuka mnafunga mabomba ya nini: mengi ni ya chuma kisichoshika kutu. Aina zinazotumika sana za chuma hicho zina adui mmoja mashuhuri, nayo ni kloridi. Kloridi, joto na mkazo uliobaki kwenye bomba baada ya kuchomelewa vikikutana, hutokea nyufa nyembamba ambazo jicho halizioni, na zinaweza kujitokeza baada ya miaka. Kwa sababu hiyo maeneo haya huwa na masharti makali hata juu ya kalamu na gundi zinazoruhusiwa kugusa mabomba. Moto wa robota moja la kebo, uliozimwa bila mtu kuumia, unaweza kumlazimisha mwenye kituo apime na kusafisha mamia ya mita za bomba, na abadilishe vifaa vya umeme ambavyo kwa macho vinaonekana vizima.

Foromani wako akitaka mfano, mpe wa Browns Ferry, kituo cha Alabama nchini Marekani. Tarehe 22 Machi 1975 vinu viwili vilikuwa vinazalisha umeme na cha tatu kilikuwa bado kinajengwa. Kwenye chumba cha kebo kilicho chini ya chumba cha uendeshaji, mafundi walikuwa wakitafuta mahali hewa inapopenya ukutani. Njia yao ilikuwa mshumaa: unausogeza karibu na tundu, unaangalia ulimi wa moto unavutwa wapi. Tundu lilikuwa limezibwa kwa sponji ya poliyurethani. Mvuto wa hewa ukauvuta ulimi wa moto hadi kwenye sponji, ikashika, na kwa kuwa upande wa pili wa ukuta ulikuwa na shinikizo dogo la hewa, moto ukavutwa hadi jengo la kinu. Uliwaka kwa takriban saa saba na kuharibu kebo zaidi ya 1,600, zikiwemo za mifumo ya kupoza kinu. Waendeshaji walilazimika kutumia njia za mbadala kukiweka kinu cha kwanza katika hali salama. Hakuna aliyekufa, lakini vinu vyote viwili vilikaa vimezimwa zaidi ya mwaka.

Katika kisa hicho watu hupenda kuukumbuka mshumaa tu. Mimi naona mambo mengine yanakuhusu wewe zaidi. Mafundi walijaribu kuuzima moto wenyewe kwa takriban robo saa kabla king'ora hakijalia. Kisha kwa saa nyingi wakatumia kabonidayoksaidi na unga, na moto ukawa unafifia na kurudi. Mkuu wa zimamoto ya mji wa karibu alishauri mapema watumie maji. Viongozi wa kituo walikataa wakihofia umeme. Waliporuhusu maji jioni, moto ulimalizika kwa muda usiofika nusu saa.

Linganisha na lile katazo mlilopewa. Kabonidayoksaidi hufukuza oksijeni, lakini haipozi vya kutosha. Ni nzuri kwa paneli ndogo ya umeme iliyoshika moto sasa hivi. Kwenye rundo la kebo zilizobanana, moto huingia katikati ya rundo. Gesi ikitawanyika, hewa inarudi, na joto lililobaki ndani linauwasha upya. Maji ndiyo yanayoondoa joto. Tena ninyi mna nafasi ambayo Browns Ferry hawakuwa nayo: kwenye kituo kinachojengwa kebo nyingi hazijaunganishwa na umeme, na umeme wa muda wa ujenzi unaweza kukatwa sehemu moja. Kwa hiyo usiombe katazo lifutwe kiholela. Omba liandikwe upya: nani anakata umeme wa sehemu ipi, kwa swichi gani, nani anathibitisha, na kuanzia hapo maji yanaruhusiwa kwa mipira na pua za aina gani. Kumbuka pia kwamba kabonidayoksaidi kwenye chumba kilichofungika inaua mtu kimya kimya, na hao waliokatazwa maji huenda hawajaambiwa hilo.

Sasa mlinzi wa moto. Kama ningeruhusiwa kushikilia jambo moja tu katika yote uliyoyataja, ningeshikilia hili. Cheche ya kuchomelea au ya grainda ni kipande cha chuma chenye joto kali. Hudunda, hubingirika, hupita kwenye uwazi wa sakafu na kuangukia ghorofa ya chini ambako hakuna anayejua kwamba juu kuna kazi ya moto, yaani ya kuchomelea au kukata chuma. Ikitua kwenye turubai kavu utaona mwali papo hapo, na hiyo ndiyo nafuu. Ikiingia kwenye vumbi la mbao, matambara au kati ya mbao mbili za jukwaa, hufukuta bila mwali, pengine kwa saa nzima au zaidi, hadi itakapopata hewa. Mchomeleaji ameshazima mashine, mlinzi ameshapelekwa kubeba vishikio, na zamu imekwenda kula.

Chama cha kinga ya moto cha Marekani, NFPA, katika kiwango chake namba 51B kuhusu kazi za moto, kilikuwa kikidai mlinzi abaki angalau nusu saa baada ya kazi. Toleo la 2019 liliongeza hadi saa 1. Kiwango hichohicho kinataka vinavyoungua viondolewe au vifunikwe ndani ya mita 11 kila upande. Mkataba wenu unaweza kuwa unafuata viwango vingine, na usome vya kwenu kwanza, lakini sijui kiwango chochote cha maana kinachoruhusu mlinzi aondoke mashine inapozimwa.

Kwa mafundi wa mabomba naongeza mawili. Bomba linalopenya ukutani hupeleka joto upande wa pili, na likiwa wazi hupeleka hata cheche. Mlinzi mmoja aliye upande wa mchomeleaji haoni kitu. Mnahitaji wa pili, mwenye redio, na hata wa tatu ghorofa ya chini kama kuna uwazi. Jingine ni argoni mnayojaza ndani ya bomba wakati wa kuchomelea: ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni na vyumba vya chini. Msimweke mlinzi mahali pa namna hiyo bila kipimo cha oksijeni, la sivyo mtakuwa mmemweka kwenye hatari kubwa kuliko ile mliyomwita aizuie.

Bora kuliko mlinzi yeyote ni kuipunguza kazi ya moto yenyewe. Kila kiungo kinachoweza kuchomelewa karakanani kichomelewe huko. Kila kipande kinachoweza kukatwa kwa msumeno kisikatwe kwa gesi. Sitaki nikupambie. Kazi ya karakanani inadai vipimo sahihi, na jengo likiwa limekosewa kwa sentimita mbili bomba halitakaa, mtarudi kulichomelea palepale. Hata hivyo, kwenye miradi mingi viungo vya eneoni ni vingi kuliko inavyolazimu, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Vinyunyizi kuja mwishoni ni kawaida. Siwezi kukudanganya kwamba ni kosa. Kosa ni maji yenyewe kuja mwishoni. Bomba kuu la maji ya moto la ardhini linapaswa kuwa linafanya kazi kabla vifaa vinavyoungua havijarundikwa, na bomba la wima lenye viunganishi vya zimamoto lipande pamoja na jengo, sakafu kwa sakafu. Linaweza kuwa la muda. Likiwepo, ulizia jambo dogo ambalo husahaulika sana: nani ana mamlaka ya kufunga vali yake? Kwenye ujenzi vali hufungwa kila mara ili kuunga tawi jipya, na aliyefunga huondoka bila kumwambia mtu. Pawe na kitabu, na kazi za moto zisimame sehemu hiyo hadi maji yarudi.

Kuhusu turubai zinazouzwa kama hazishiki moto: zitumieni, ni afadhali sana, lakini nyingi hazishiki haraka, si kwamba hazishiki kabisa. Zikichanika, zikijaa mafuta au zikikaa sana juani hupoteza sifa hiyo. Robota la kebo ya umeme wa muda litandazwe lote linapobeba mzigo mkubwa. Likiwa limeviringwa hushindwa kutoa joto na huyeyuka lenyewe. Mipira ya asetilini na oksijeni isilale ndani ya chumba kilichofungika hata wakati wa chakula. Mitungi irudi bandani mwake mwisho wa zamu. Masanduku na nailoni zitolewe siku ileile vifaa vinapofunguliwa. Haya unayajua tayari, kwa hiyo nimeyapitia tu.

Niseme pia kuhusu majirani. Kama eneo lenu lina kinu kingine kinachofanya kazi, hali yenu ni tofauti kabisa na yote niliyoeleza juu ya mionzi. Moshi wenu unaweza kuingia kwenye mifereji yake ya hewa, mchimbaji wenu anaweza kukata kebo yake, na ukuta mnaoutoboa huenda ni wake. Katika hali hiyo kibali cha kazi ya moto hakiwezi kuishia kwa mkandarasi. Chumba cha uendeshaji cha kinu hicho lazima kijue.

Mpaka hapa nimekupa hoja, lakini sijaliona jengo lenu, na yapo mambo yasiyoamuliwa kwa maandishi. Omba mhandisi wa kinga ya moto wa mradi azunguke nanyi ghorofa kwa ghorofa, akiwa na michoro ya kuta za kutenganisha, aonyeshe ipi imekamilika na ipi ni ya kwenye karatasi. Omba zimamoto wa eneo waje wakati hakuna moto, wapite ngazi, waunge mipira yao kwenye viunganishi vyenu waone kama inakaa. Ukijibiwa kwamba mlinzi hatabaki kwa sababu ya gharama, peleka suala kwa maandishi kwa mkandarasi mkuu na kitengo cha ubora cha mwenye kituo. Ukinyamaziwa, mamlaka ya kudhibiti nyuklia ya nchi ina wakaguzi kwenye ujenzi, nao hupokea taarifa kutoka kwa mfanyakazi yeyote. Una wajibu pia wa kusimamisha kazi ukiona hatari ya wazi, na usisubiri barua.

Na kama tayari kumewahi kutokea moto wa kebo, hata ule mdogo mliouzima wenyewe mkacheka, usiuache upite bila kuandikwa. Msiwashe kifaa chochote cha umeme kilichofikiwa na moshi, msifute mabomba kwa matambara yenye maji ya bomba, maana mtasambaza kloridi badala ya kuiondoa. Kausheni hewa ya chumba, zuieni watu, na mwiteni mtaalamu wa metali apime mabaki juu ya chuma kabla hakijafunikwa kwa vihami. Kikishafunikwa, hakuna atakayekikagua tena hadi kinu kianze kazi.